Panya Wepesi, Panya Wazito

Mwezi uliopita tulimzika Daktari kule Masoko, na wanawake niliokuwa namenya nao ndizi waliniuliza kwa nini silii. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikiwa na jiko zima, "Marehemu si ndiye aliyekulelea mtoto? Wenzio wangeshukuru." Nikamwambia nasubiri zamu ya vitunguu, machozi yatakuja yenyewe. Wawili walicheka, wengine wakainama kwenye ndizi zao. Huko nje, chini ya turubai, mchungaji alikuwa anasema kwamba marehemu alikuwa baba wa wengi, kwamba nyumba yake ilikuwa wazi kwa watoto wa ndugu zake. Nilisikia kila neno kupitia ukuta wa mianzi. Mambo ya mtu yule nimezoea kuyasikia kupitia ukuta. Mwaka mzima wa ujana wangu niliusikia hivyo, na kwa kuwa hakuna atakayeusimulia chini ya turubai, nausimulia mimi.

Jina lake silitaji. Zamani nilikuwa silitaji kwa heshima, maana alikuwa baba mkwe wangu, mdogo wake baba wa mume wangu Lusajo, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe. Hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite, na baba mkwe naye akimwona anageuka, maana heshima hiyo ni ya pande zote mbili. Vijana wa mjini sasa wanapeana mikono na wakwe zao, lakini mimi niliolewa kwenye nyumba iliyokuwa bado inashika mambo hayo, na niliyashika. Leo silitaji jina lake kwa sababu nyingine: sitaki likae mdomoni mwangu.

Ulikuwa ule wakati ruksa ya biashara imefika mpaka kwenye vibanda vya vijijini. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Lusajo alikuwa ameacha kibarua cha kuchuma chai, akaenda Kyela kufuata sabuni na vitenge vinavyovuka kutoka Malawi. Alikuwa anarudi mara moja moja, ananuka samaki na moshi wa lori, analala, anaondoka. Hapo Tukuyu mjini palikuwa pamefunguliwa chekechea ya kulipia. Watoto walivaa soksi nyeupe na kuimba kwa Kiingereza, na sisi kina mama tulikuwa tunapunguza mwendo tukipita pale, tunajifanya tunafunga kanga vizuri. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya begi, na mgongoni nilikuwa na binti yangu Gwantwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Cheti kilikuwa hakijanifanyia chochote. Ndipo Daktari aliporudi kutoka Ulaya na mradi wake, akamtuma mkewe, Mama Doreen, aje kuniambia kuna kazi.

Mama Doreen alikaa kwenye kigoda changu, akanywa chai, akasema, "Kazi ni ya panya, mwanangu, usicheke. Panya weupe, wasafi kuliko sisi. Na huyu mtoto utamwacha kwangu mchana, acheze na Doreen wangu. Wamelingana. Wakikua kidogo wote wawili tunawapeleka kule kwenye soksi nyeupe, baba yao atalipa." Alisema hivyo, baba yao, kana kwamba Gwantwa ameshahesabiwa. "Atakuwa kama wa kwangu." Nataka ieleweke ni nini kilichonichukua. Haukuwa mshahara. Zilikuwa soksi.

Nyumba ya panya ilikuwa Makandana, bangaloo ya zamani yenye bati lililooza pembeni, ua mmoja na nyumba ya Daktari. Chumba cha kwanza kilikuwa na rafu mbili za vizimba, na jiko la mkaa ambalo lilitakiwa lisizimike, maana Tukuyu ina baridi na panya wale walikuwa wa kudekezwa. Ukiingia unapigwa na harufu ya maranda mabichi na mkojo, halafu baada ya wiki huisikii tena, wanaoisikia kwako ni watu utakaokaa nao kanisani. Chumba cha pili kilikuwa na beseni. Naliita beseni, lakini lilikuwa la bati, kubwa, mviringo, fundi mmoja wa mjini alilichomelea. Mtu mzima angeweza kulala ndani. Tulikuwa tunalijaza maji, tunakoroga maziwa ya unga mpaka maji yawe meupe, na ndani yake tunazamisha kibao kidogo ambacho panya hakioni. Unamweka panya majini. Anaogelea, anatafuta pa kusimama. Mimi nashika saa. Siku za kwanza wote wanahangaika, lakini kesho na keshokutwa wengine wanakumbuka kibao kiko wapi na wanakwenda moja kwa moja, wengine bado wanazunguka wakisugua ukuta.

Kazi ya kuosha vizimba ilikuwa ya Ambakisye, mzee wa Lufingo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona bila hiyo. Siku ya kwanza aliniangalia nikimimina maziwa yale, akasema, "Watoto wa Lufingo wanakunywa chai ya rangi, panya wanaogelea maziwa. Nikifa naomba nirudi panya."

"Mwepesi au mzito?" nikamuuliza.

"Mzito, mama. Mzito ndiye anakaa kwenye maziwa muda mrefu."

Maana panya walikuwa wa koo mbili. Rafu ya kushoto walikuwa wepesi wa kukumbuka kibao, rafu ya kulia wazito. Hilo nilijifunza kwa Daktari mwenyewe, na lazima niseme jinsi alivyonifundisha, maana ndipo hasira yangu inapoanzia. Hakuweza kusema nami. Akitaka kuingia alikohoa kwanza mlangoni, nami nikisikia kikohozi natoka kwa mlango wa nyuma, au nikiwa nimeshika panya nachuchumaa nyuma ya rafu na kujifunika kanga. Halafu anamwambia Ambakisye, kwa sauti ya darasani, yale anayotaka nisikie mimi. "Ambakisye, hawa wa kushoto babu zao walikuwa wepesi. Tukawaozesha wepesi kwa wepesi, kizazi baada ya kizazi. Wa kulia ni wazito kwa wazito."

"Kama kuchagua ng'ombe wa maziwa, Daktari."

"Hasa."

"Sasa huyu mzito kosa lake nini?"

"Hana kosa. Ni damu. Mwambie mama Gwantwa maji ya leo ni ya baridi mno, watatetemeka badala ya kujifunza."

Mimi nipo hapo, karibu kiasi cha kumgusa mguu. Ambakisye ananigeukia na uso wa mjumbe aliyetoka safari ndefu: "Mama Gwantwa, salamu kutoka ng'ambo ya rafu. Maji ni ya baridi."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, Daktari."

"Basi mwambie nashukuru kwamba amesikia."

Nilicheka ndani ya kanga mpaka panya akaniponyoka. Nilimpenda mtu yule, ndiyo, naandika hivyo hivyo. Mwanamume aliyesoma Ulaya, anavaa tai, lakini anakohoa mlangoni kwa ajili ya binti wa kidato cha nne aliyeolewa na mtoto wa kaka yake asiye na kitu. Niliona ananiheshimu. Niliona hata masomo yale ni zawadi, kwamba mbele yangu hana njia nyingine ya kuwa mwalimu, basi ameipata hiyo ya kumfundisha mzee wa watu mambo ambayo mzee hayahitaji. Nilikuwa narudi nyumbani nikimweleza mama mkwe habari za vizazi na urithi, naye ananisikiliza huku anapeta maharage, akimaliza anasema, "Ndaga, asante. Sasa kalete kuni."

Somo kubwa lilikuwa la kuhamisha. Daktari alimweleza Ambakisye kwamba mtoto wa panya mzito akiwa mzito, bado hujui ni damu au ni malezi. Labda mama mzito analea kizito. Kwa hiyo siku wanapozaliwa unachukua vichanga vya mzito unampa mama mwepesi, na vya mwepesi unampa mzito, halafu wakikua unawaweka kwenye beseni uone wamefuata nani. Kazi hiyo ilikuwa yangu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na joto. Vichanga vya panya ni vyekundu, havina manyoya, macho yamefungwa, unaona maziwa tumboni kupitia ngozi. Huwezi kumtupia tu mama mpya, atavila. Unavisugua kwanza kwenye maranda ya kizimba chake mpaka vinuke kama yeye. Halafu unaviweka pembeni, unangoja. Mama ananusa. Ananusa tena. Anaviokota kimoja kimoja kwa mdomo na kuvikusanya tumboni. Mara ya kwanza nilipoliona hilo maziwa yangu yalinitoka yenyewe, blauzi ikalowa, na Ambakisye akaenda kuangalia mkaa ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Mchana nilivuka ua kwenda kumnyonyesha Gwantwa. Jiko la Mama Doreen lilikuwa zuri, nikilikumbuka bado nasikia njaa: ndizi zilizopikwa kwa maziwa mpaka zikavunjika, maharage, parachichi limekatwa nusu na kutiwa chumvi, chai ya shambani isiyochujwa vizuri. Nilikuwa nakaa kwenye mkeka karibu na mlango unaoingia sebuleni, ambao kwa ajili yangu ulifungwa, umebaki mwanya. Gwantwa aliletwa kwangu akiwa amevaa gauni la Doreen, ananuka sabuni ya Doreen, ameshiba uji wa Doreen, ule wa lishe wenye karanga. Niliona fahari. Mama Doreen alinikataza kuja na nguo za nyumbani. "Za nini? Wavae pamoja, wale pamoja." Mimi ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimesugua vichanga kwenye maranda ya watu, sikuona kitu.

Na Daktari alikuwa anacheza nao. Nilimsikia kwa kupitia ule mwanya, baada ya chakula, akiwa amekaa chini kwenye zulia na vikombe viwili vya plastiki na kijiko. Anaficha kijiko chini ya kikombe kimoja. "Haya, Doreen, kiko wapi?" Kikombe kinapinduliwa, makofi, vicheko. "Haya, Gwantwa, kiko wapi?" Kimya. "Gwantwa." Kimya. Nilichungulia. Mwanangu alikuwa anakitazama kikombe chenyewe, kile kile chenye kijiko, halafu anamtazama Daktari usoni, halafu anakitazama tena kikombe, mikono ameiweka mapajani. Nilielewa mara moja. Kwa mama mkwe mtoto hafunui chombo kilichofunikwa. Anayefunua ni mkubwa. Mtoto akinyoosha mkono unapigwa kikofi, hata mtoto wa kutambaa, na Gwantwa alikuwa ameshapigwa vya kutosha. Alikuwa anangoja aambiwe funua. Nilijisemea moyoni, baba mkwe ameona kwamba mtoto wangu ana adabu. Daktari na baba yake Lusajo walinyonya titi moja na kulelewa jiko moja kule Masoko, vikofi hivyo hivyo. Kama kuna mtu katika wilaya nzima aliyejua mikono ile ilikuwa inafanya nini mapajani, ni yeye.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha walikuja wageni, mzungu wa wafadhili na mkubwa mmoja kutoka Dar, kuamua kama mradi uendelee. Vizimba tulivisugua mpaka vidole vikachubuka. Lusajo naye alikuwa amerudi, Daktari alimwita akae na wageni kama mtoto wa nyumba, na alivaa shati la mtumba lililopigwa pasi vizuri. Mimi nilikuwa jikoni napakua. Walikuwa wanaongea Kiingereza, na nadhani Daktari alisahau kwamba upande wa pili wa mlango kuna kidato cha nne.

Mzungu aliuliza, na kwa binadamu je? Daktari akacheka kidogo, kama mtu aliyekuwa anaingoja. Akasema ana mfano mdogo hapa hapa nyumbani, si wa kuandikwa, wa kuonyesha tu. "Watoto hawa wawili wamelingana. Huyu ni wangu. Huyu mama yake anafanya kazi kwenye vizimba, watu wa kijijini, kabla yake hakuna aliyesoma. Tumemhamisha kama tunavyohamisha vichanga. Nyumba moja, uji mmoja, nguo hata sabuni moja. Tazameni." Nikasikia vikombe vikiwekwa mezani. Doreen akapindua, makofi. Halafu jina la mwanangu. Halafu kimya kile ninachokijua. "Mnaona," Daktari akasema. "Chakula kinaweza kufika umbali huo tu. Kinachobaki ni ukoo."

Ukoo gani? Gwantwa ni mjukuu wa kaka yake. Nusu ya damu ile ni yao. Kwa hiyo uzito wote ulikuwa wangu, na wa mama yangu, na wa mama yake.

Mkubwa wa Dar, Mungu ambariki, aliuliza kwa Kiswahili, "Na wazazi wake wanajua?"

"Baba yake si huyu hapa," Daktari akasema. "Nilimwomba tangu mwanzo."

Na nikaisikia sauti ya mume wangu. "Hamna shida, baba. Ni vikombe tu."

Nilikuwa nimeshika bakuli la ndizi. Mama Doreen aliona uso wangu, akanishika kanga kwa nyuma. "Mwanangu, huko kuna baba mkwe. Mwanangu!" Kanga ikabaki mkononi mwake. Niliusukuma mlango kwa mguu nikaingia sebuleni kichwa wazi, bakuli nikalitua mezani.

Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Alikuwa na masikio ya Lusajo. Alikuwa mtu mdogo kuliko sauti yake. Na unajua alifanya nini? Aligeukia ukutani. Msomi wa Ulaya, na tai yake, mbele ya mfadhili wake, alinyanyuka akageuka akasimama ameangalia kalenda, mkono umefunika jicho, kama baba mkwe yeyote wa Masoko. Mzungu akawa anatuangalia, hajui ni sala au ni ugonjwa.

Nikamwambia mgongo wake, "Ya kugeuka unaikumbuka, baba. Ya kikombe umeisahau?"

Angenijibu vipi, na Ambakisye hakuwapo.

"Sekela, toka," Lusajo akasema. "Toka, unatuaibisha."

"Nani ametangulia?"

Gwantwa alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani, ananiangalia. Ningeweza kumwambia funua, mama, na angefunua, na kijiko kingekuwepo, na wageni wangepiga makofi. Nililifikiria hilo. Nashukuru sikulifanya. Nilimwinua nikamvua gauni la Doreen hapo hapo, nikaliweka mezani kati ya vikombe na ndizi, nikamfunga kwa kitenge nilichokuwa nimevaa juu ya sketi, nikatoka kwa mlango wa mbele, ule ambao sikuwahi kuutumia. Uani Ambakisye alikuwa anasuuza kizimba. Alivua kofia. Ana upara, kumbe.

Watu wa kwetu wakisikia habari hii wananiuliza jambo moja: sasa mtoto mwenyewe akoje darasani? Gwantwa yuko darasa la pili, shule ya kawaida, anavaa soksi za rangi aliyoiamkia. Ni wa ngapi simwambii mtu. Akiwa wa kwanza mtasema Daktari alikosea, akiwa wa mwisho mtasema alipatia, na vyovyote vile mtakuwa mmemrudisha kwenye zulia. Panya wenyewe walikwisha. Wafadhili waligeukia mambo mengine, na nilisikia beseni liliuzwa kwa mtu wa kuchanganyia chakula cha nguruwe. Mimi kazi niliipoteza siku ile ile, na chekechea haikutajwa tena. Hayo sikuyalilia. Nililolilia, na jikoni kule msibani ndilo lililonikausha macho, ni kwamba aliponikoholea mlangoni mwaka mzima niliona heshima, kumbe ni kikohozi tu; heshima ingemfanya aulize.

Baada ya siku ile wazee walikaa. Ilionekana kwamba mwenye kosa ni mimi, niliyemtazama baba mkwe usoni na kumsemesha, na kwamba nipeleke kuku wa kuomba radhi, jogoo, mwekundu. Nilisema sipeleki. Wiki mbili zikapita, mama mkwe hasemi nami, kuni naleta, maji nachota. Halafu Lusajo akatokea na jogoo kwapani, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

"Nimemnunua mimi," alisema. "Wewe huna haja ya kusema kitu. Unamshika tu, mimi nitaongea."

"Kama ulivyoongea siku ile."

"Sekela, yule ni baba yangu mdogo. Ningemkatalia vipi? Aliniambia ni mchezo."

"Mimi je, uliniambia ni nini?"

Nikampokea jogoo. Nadhani alidhani nimekubali, maana alikaa kwenye kigoda akavua viatu, akaanza kunisimulia bei za Kyela. Nilitoka nje, nikakanyaga mbawa, nikachinja mwenyewe. Alipotokea mlangoni nilikuwa nimeshaanza kunyonyoa. Alisimama na kiatu kimoja mkononi, akasema jina langu.

Nilimpika kwa nyanya na kitunguu, polepole, kama wa sikukuu. Mama mkwe nilimpelekea kidari, akakipokea akakila chote. Lusajo nilimwekea paja. Alikuwa anaangalia ndani ya sufuria, namjua, anatafuta firigisi, maana firigisi ni ya baba, tangu utotoni mwake hakuwahi kuona ikiwekwa sahani nyingine.

Niliikata vipande vidogo vidogo nikampa Gwantwa. Ilikuwa ngumu kidogo kwa meno yake. Alitafuna muda mrefu, na sisi wote watu wazima tukamngoja amalize.